Ubongo peke yake unatosha kueleza fahamu? Ulinganisho kwa anayetaka kushika upande

Kwetu Mtwara swali hili huletwa na wagonjwa. Mzee amepigwa na kiharusi, amelala wodini macho wazi, akiitwa haitiki, na watoto wake wanaulizana nje kwenye benchi: yumo au hayumo? Mmoja anasema ubongo umeumia, basi baba amekwenda na ubongo wake. Mwingine anasema roho haijatoka, baba anasikia yote, ila mwili ndio uliogoma. Pale kwenye benchi wamegawana kambi mbili ambazo wanafalsafa wanazibishania kwa karibu karne nne.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kushika upande akijua anashika nini. Upande wa kwanza ni uyakinifu: kilichopo ni maada na nguvu zake, na fahamu ni kazi ya ubongo. Upande wa pili ni uwili: mwili ni kitu kimoja na nafsi ni kitu kingine, ingawa vinaishi pamoja. Upo na wa tatu, unaosema kwamba kuhisi kumo ndani ya maada tangu kwenye chembe zake za msingi. Huo nitaupa nafasi ndogo, na sababu nitaisema.

Kwanza tuiondoe dini katikati

Barazani mjadala huu huharibika mapema. Anayetaja ubongo huhesabiwa ameikana dini, na anayetaja roho huhesabiwa hajasoma. Hesabu zote mbili si sahihi. Thomas Nagel, mmoja wa wakosoaji wakubwa wa uyakinifu, hamwamini Mungu na amesema hivyo waziwazi. David Chalmers, aliyelipa tatizo hili jina linalotumika leo, hatetei dini yoyote. Kwa upande mwingine, Peter van Inwagen ni Mkristo anayeamini ufufuo, na bado anashikilia kwamba binadamu ni kiumbe cha maada. Kwake yeye kinachofufuliwa ni mwili. Waislamu nao wanayo aya ya 85 ya Surat al-Isra, kwamba roho ni katika mambo ya Mola na watu hawakupewa elimu ila kidogo. Anayeisoma aya hiyo halazimiki kuchukua msimamo wowote juu ya namna maumivu ya jino yanavyotokea ubongoni.

Kwa hiyo usishike uyakinifu ili uonekane msomi, wala usishike uwili ukidhani unailinda imani. Kinachobishaniwa ni kidogo kuliko roho ya kwenye mahubiri, na kwa udogo wake ni kigumu zaidi: ni kule kuhisi kwenyewe. Utamu wa embe ulimini. Wekundu wa udongo wa Newala machoni. Uchungu wa mwiba unyayoni. Je, maada ikipangwa kama ilivyopangwa kichwani inatosha kuyazaa haya?

Wapo pia watakaosema huu ni ubishi wa Wazungu. Kwasi Wiredu na Kwame Gyekye, wanafalsafa wawili wa Ghana, walibishana kwa miaka mingi juu ya mafundisho ya Waakani, watu wa huko Ghana, kuhusu mtu. Gyekye aliona kwamba okra ya Waakani ni nafsi isiyo na maada, yaani Waakani ni watu wa uwili. Wiredu alikataa, akasema okra hiyo imefikiriwa kama kitu chenye sifa za kimwili kwa sehemu, na kwamba akili kwa Waakani ni uwezo wa mtu, wala si kitu kinachokaa ndani yake. Ningefurahi sana kuona mtu akifanya kazi kama hiyo kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, kwa kuwauliza wazee wenyewe.

Mwili unapoigusa fahamu

Chukua ketamini. Ni dawa ya usingizi inayotumika sana hospitalini kwetu, kwa sababu kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe, na hivyo upasuaji unawezekana hata pasipo na mashine nyingi. Anayeiona ikifanya kazi kwa mara ya kwanza hushtuka. Mgonjwa hafumbi macho. Macho yako wazi, yanacheza taratibu huku na huku, mate yanamtoka, mkono huenda ukasogea. Ukimwita haitiki, na kisu kikipita hakumbuki. Akizinduka anasimulia kwamba alielea, aliona rangi, alikuwa mahali pengine. Miligramu moja au mbili kwa kila kilo ya uzito, zikipita mshipani, zimetosha kufanya yote hayo, na sehemu kubwa ya namna zinavyofanya inajulikana: zinaziba vipokezi kwenye seli za neva ambavyo kemikali ya glutameti huvitumia kupitisha ujumbe.

Hapa ndipo uyakinifu una nguvu kuliko mahali pengine popote. Fahamu imezimwa na kuwashwa, ikapotoshwa hata ikaona yasiyokuwepo, kwa kitu kinachopimwa kwenye bomba la sindano. Tangu Oktoba 1846, William Morton alipomvutisha mgonjwa etha mbele ya madaktari wa Boston, ushahidi wa namna hii umekuwa ukiongezeka tu. Hata degedege iko kwenye orodha hiyo. Watoto wengi wa pwani walifukiziwa na kuombewa kwa waganga kwa sababu ilionekana kuna kitu kimewaingia. Leo mama yeyote aliyekwenda kliniki ameambiwa kwamba homa kali, mara nyingi ya malaria, ndiyo inayouvuruga ubongo wa mtoto, na kwamba kuchelewa hospitali ndiko kunakoua. Lililohesabiwa kuwa la mizimu limekuwa la vimelea, na watoto wamepona.

Mtu wa uwili ana jibu, na nalisikia mara nyingi: ubongo ni ngoma na nafsi ni mpigaji; ngoma ikipasuka, mpigaji hajafa. Ni jibu linalofariji, ila lina shimo. Ngoma ikipasuka, mpigaji hubaki na nyimbo zake kichwani, na anajua wazi kwamba ngoma imepasuka. Mzee aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau hakupoteza njia ya kueleza anayoyakumbuka. Amepoteza kukumbuka kwenyewe. Alikuwa mpole, sasa ni mkali. Hamtambui binti anayemlisha uji, na hajui kama kuna kitu kimepungua. Ikiwa kumbukumbu, tabia na kujitambua vyote vinaondoka na ubongo, mpigaji amebaki na nini?

Udhaifu huu uligunduliwa mapema. Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alichapisha Tafakuri zake mwaka 1641, akitenganisha nafsi inayofikiri na mwili unaochukua nafasi. Mei 1643 Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia akamwandikia barua akimuuliza: kitu kisichochukua nafasi wala kugusa kinausukumaje mwili? Descartes alijibu mara kadhaa, na kwa maoni yangu hakumjibu. Waliomfuata pia hawajamjibu binti huyo.

Aliyenivutia zaidi katika historia hii ni Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim, katika Ghana ya leo, aliyepelekwa Ulaya akiwa mtoto na kuishia kuwa mwalimu wa falsafa Ujerumani. Mwaka 1734, huko Wittenberg, alitetea tasnifu iliyosema kwamba nafsi ya binadamu haihisi kabisa. Kuhisi ni kwa mwili ulio hai. Amo hakuwa mtu wa uyakinifu, nafsi kwake ilikuwepo. Lakini aliona kwamba ukiisema nafsi haina maada halafu ukaipa maumivu ya jino, umejipinga mwenyewe. Msomaji ambaye hawezi kuiacha nafsi, na wengi wetu hatuwezi, namshauri aanzie kwa Amo kabla ya Descartes.

Hoja bora ya uwili naiona kwa Ibn Sina (980–1037), tabibu na mwanafalsafa wa Kiislamu. Anatutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa mzima, anaelea hewani, haoni, hasikii, viungo vyake havigusani hata vyenyewe kwa vyenyewe. Mtu huyo, anasema, bado atajua kwamba yupo, ingawa hajui kama ana mikono au moyo. Ni hoja nzuri, na ukiifikiria gizani usiku utaona inavyoshika. Inachoonyesha, hata hivyo, ni kwamba naweza kujijua bila kuujua mwili wangu. Kutokujua kwamba mimi ni mwili hakuthibitishi kwamba mimi si mwili.

Kwa kipimo hiki, basi, uyakinifu umeshinda, tena kwa mbali.

Pale uyakinifu unapokwama

Msimu wa korosho, kina mama wanaobangua kwa mkono huchoma korosho ghafi kwenye bati juu ya moto wa kuni. Mafuta ya ganda yanachuruzika na kushika moto, yanalipuka vimiale vidogo, na moshi mweusi unawasha macho na kukaba koo. Ndani ya moshi huo mkali, kwa mbali, inaanza harufu ya kiini kinachoiva. Kila aliyekulia Mtwara au Lindi anaijua.

Sasa kuna watu wanaozaliwa bila uwezo wa kunusa. Fikiria mmoja wao ni mkemia, anajua kila molekuli iliyomo katika moshi ule, inakamatwa na neva gani puani, na neva hiyo inafanya nini ubongoni. Kwa maandishi hakuna kinachompita. Kisha siku moja anapata kunusa, amesimama karibu na lile bati. Je, amejifunza jambo? Kila ninayemuuliza hujibu ndiyo. Na kama amejifunza jambo wakati ya maada yote alikuwa anayajua, basi lipo jambo ambalo habari za maada hazikulibeba.

Umbo la hoja hii ni la Frank Jackson, aliyeitoa mwaka 1982 kwa mfano wa mwanasayansi aliyefungiwa katika chumba kisicho na rangi. Nagel alikuwa ameipitia njia iliyo karibu nayo mwaka 1974 aliposema kwamba hata tukijua yote kuhusu namna popo anavyoona kwa mwangwi, hatujui ikoje kuwa popo. Na mbali kabla yao, mwaka 1714, mwanafalsafa Mjerumani Leibniz aliandika kwamba ukiukuza ubongo ukawa mkubwa kama kinu cha kusagia, ukaingia ndani na kutembea, utakuta vipande vinasukuma vipande, wala hutakutana na hisia hata moja. Leo tunakadiria kwamba kinu hicho kina neva bilioni 86. Hoja ya Leibniz haikutikiswa na hesabu hiyo.

Watu wa uyakinifu hujibu kwa njia kadhaa. David Lewis alisema kwamba anayenusa kwa mara ya kwanza amepata uwezo mpya, kama kutambua na kukumbuka harufu, na hakupata habari mpya. Wengine wanasema amelijua jambo lilelile kwa njia ya pili: kwanza kwa kemia, sasa kwa pua. Jibu hili naliona kuwa ndilo lenye nguvu, na inafaa ujue kwamba Jackson mwenyewe baadaye aliiacha hoja yake akahamia uyakinifu. Jibu la tatu, ambalo Daniel Dennett alilikaribia na Keith Frankish analitetea wazi, ni kwamba kuhisi tunakokuzungumzia hapa ni kiini macho cha ubongo. Hili siwezi kulimeza. Mwenye jino bovu ukimwambia maumivu yake ni kiini macho, atakuuliza kwa nini basi kiini macho kinamuuma, na swali lake ni halali.

Chalmers aliupanga ugumu huu vizuri mwaka 1995. Kuna maswali aliyoyaita mepesi, ingawa yanawatoa jasho wataalamu: ubongo unatofautishaje vitu, unahifadhije kumbukumbu, unaelekezaje umakini. Kisha kuna swali gumu: kwa nini kazi zote hizo zinaambatana na kuhisi, badala ya kufanyika kimyakimya gizani? Mwaka 1998, huko Bremen, mwanasayansi wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau naye la kreti ya mvinyo kwamba ndani ya miaka 25 alama ya fahamu ubongoni itakuwa imejulikana wazi. Juni 2023, New York, Koch alikubali kwamba ameshindwa akalipa. Wapo waliotangaza kwamba uyakinifu umeanguka siku hiyo. Haukuanguka. Kilichokosekana ni alama iliyo wazi kwa muda uliopangwa, na dau halikuwa juu ya zaidi ya hapo. Lakini ni kweli kwamba anayedai sayansi imekwisha kulieleza jambo hili anadai kisichokuwepo.

Pweza kama kipimo

Maji yakipwa wakati wa bamvua, miamba ya Mikindani na Msimbati hubaki wazi na wavuvi wa pweza hutembea juu yake na fimbo na ndoo, wengi wao kina mama. Wanachotafuta kwa macho ni maganda ya kaa na kombe yaliyorundikwa mlangoni mwa shimo, kwa sababu hayo ni mabaki ya chakula cha mwenye shimo. Fimbo ikiingia, pweza anaishika, anabadilika kutoka kahawia kuwa mweupe, anamwaga wino. Mkono wake ukikatika unaendelea kujinyonga peke yake ndani ya ndoo. Nilimuuliza bibi mmoja aliyekuwa akirudi ufukweni, "Bibi, huyu anaumia kweli?" Akanijibu, "Asiumie kwa nini, mjukuu wangu? Angekuwa haumii asingekimbia."

Jibu la bibi ndilo alilolifikia mwanafalsafa Mmarekani Hilary Putnam mwaka 1967, naye akimtumia pweza. Wakati ule wenzake, wakiwafuata U. T. Place na J. J. C. Smart, walisema maumivu ni tukio fulani la ubongo basi. Putnam aliona tatizo: ubongo wa pweza umejengwa tofauti kabisa na wetu. Ana neva kama milioni 500, na zaidi ya nusu ziko mikononi. Babu yetu wa pamoja aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kama maumivu ni tukio la ubongo wa kibinadamu, pweza hawezi kuwa nayo. Akapendekeza kwamba maumivu ni kazi: kile kinacholetwa na jeraha na kumfanya kiumbe akimbie, alinde kidonda, akumbuke na kuepuka, bila kujali kimejengwa kwa kitu gani. Mwaka 2021 mwanasayansi Robyn Crook alichapisha majaribio ambayo pweza waliochomwa sindano yenye asidi walikiepuka chumba walichochomewa, na wakakipenda chumba walikopewa dawa ya ganzi. Mwaka uliofuata sheria ya Uingereza ya ustawi wa wanyama iliwahesabu pweza na kaa miongoni mwa wanaohisi.

Uliza swali nililomuuliza bibi kwa pande nyingine uone. Descartes aliwahesabu wanyama kuwa mashine. Watu wa uwili wa leo wana huruma zaidi, ila hawana kipimo cha kuwaambia nafsi inaanzia wapi: kwa pweza, kwa kaa, au kwa chaza? Upande wa tatu, ambao Galen Strawson na Philip Goff wanautetea leo na Bertrand Russell aliuandalia njia mwaka 1927, unasema kila chembe ya pweza ina punje ya kuhisi. Lakini mwanasaikolojia William James aliona kikwazo tangu mwaka 1890: ziweke hisia mia pamoja, hazitengenezi zenyewe hisia ya mia na moja. Pweza mzima anahisi, au zinahisi chembe zake tu? Sijaona jibu linaloridhisha, na ndiyo maana nimeupa upande huu mistari michache. Uyakinifu wa kazi, yaani huu unaofuata wazo la Putnam kwamba maumivu ni kazi, ndio unaonipa jibu ninaloweza kulitumia pale mwambani, ijapokuwa haujanieleza kwa nini maumivu hayo yanahisika.

Nani ashike nini

Kama unauguza mtu asiyeitika, uyakinifu utakusaidia zaidi, na kwa njia ambayo pengine hukuitarajia. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walimweka kwenye mashine ya picha za ubongo mwanamke aliyehesabiwa hana fahamu, wakamwambia ajione anacheza tenisi. Sehemu za ubongo zilizowaka ni zilezile zinazowaka kwa mtu mzima wa afya akiwaza hivyo hivyo. Mwaka 2024 utafiti mkubwa zaidi uliowapima wagonjwa 241 wasioweza kufuata amri kwa mwili uliona dalili kama hizo kwa takriban mmoja kati ya wanne. Yule mtoto wa mzee aliyesema baba anasikia huenda alikuwa sahihi, na ushahidi wa kumuunga mkono umetoka kwa watu wanaopima ubongo. Basi mwiteni kwa jina, msimulieni habari za nyumbani, na msimjadili mbele yake kama hayupo.

Kama shauku yako ni swali gumu lenyewe, uyakinifu wa leo hautakushibisha, na mtu asikuone mjinga kwa kulishikilia. Ila usihamie uwili ukidhani huko utapata maelezo. Kusema nafsi inahisi kwa sababu ni nafsi ni kulihamisha swali kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Mimi nimeshika uyakinifu wa kazi, na nitauacha kukitokea moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni fahamu ya mtu kubadilika bila chochote kubadilika ubongoni, kwa vipimo ambavyo wengine wameweza kuvirudia. Hapo nitakwenda kwa Ibn Sina. La pili ni kila kazi ya ubongo kuelezwa mpaka ya mwisho, na swali la Chalmers likabaki palepale. Hapo nitamsikiliza Goff upya. La kwanza halijaonekana. La pili bado liko mbali, kwa maana ramani ya neva za yule mnyoo mdogo wa maabara, C. elegans, ilichapishwa mwaka 1986. Neva zake ni 302 tu, na mpaka leo hakuna anayeweza kuisoma ramani hiyo akatueleza kila anachokifanya mnyoo huyo na kwa nini.